Kuona neuroni zikifanya kazi: mwongozo wa kuanza na GCaMP kwa buu wa nzi

Maswali ni yale yale kila kundi jipya la wanafunzi linapoingia maabara. Lazima niwe na hadubini ya fotoni mbili? Mbona sampuli yangu inang'aa vizuri lakini haifanyi chochote? Hiyo ΔF/F, yaani badiliko la mng'ao likilinganishwa na mng'ao wa utulivu, mnaihesabuje? Haya, nayajibu yote hapa kwa kufuata mpangilio wa kazi yenyewe, kuanzia chupa ya nzi hadi grafu.

Tutatumia buu wa nzi wa matunda, Drosophila melanogaster, yule mdogo mwenye macho mekundu anayezunguka ndizi zilizoiva. Hatutatumia panya. Panya anataka upasuaji wa fuvu, kibali cha kamati ya maadili na hadubini ambayo bei yake ukiisikia unakaa chini. Buu anataka unga wa mahindi na hamira. Tena ana sifa moja inayomfaa sana anayeanza: ukiutoa mfumo wake wa neva nje ya mwili na kuuweka kwenye maji ya chumvi yanayofaa, unaendelea kutoa amri za kutambaa, wimbi baada ya wimbi, bila kuchokozwa na chochote. Kwa hiyo unajua mapema unachotakiwa kukiona. Usipokiona, kosa limo kwenye maandalizi yako, na linatafutika.

Nadharia ni kidogo tu. Neuroni, yaani seli ya neva, inapopiga mipigo ya umeme, kalsiamu huingia ndani ya seli. GCaMP ni protini iliyoundwa maabarani kwa kuunganisha GFP, ile protini ya kijani iliyotoka kwa konyeza Aequorea victoria, na kalmodulini, protini inayoshika kalsiamu. Kalsiamu ikishikwa, umbo la protini hubadilika na mng'ao wa kijani huongezeka. Unaimulika kwa mwanga wa bluu wa nanomita 470 hadi 490, nawe unapokea kijani cha karibu nanomita 510. GCaMP ya kwanza ilichapishwa mwaka 2001 na Junichi Nakai na wenzake wa Japani. GCaMP6 ilitoka 2013, na sasa kuna jGCaMP8 ya mwaka 2023. Kwa kazi hii GCaMP6s inatosha kabisa, maana mawimbi ya buu ni ya polepole.

Kabla ya yote shika hili: mng'ao peke yake hausemi kitu kuhusu kazi ya neuroni. Kinachosema ni mabadiliko ya mng'ao.

Kuhusu swali la fotoni mbili: hapana, huhitaji. Hadubini hiyo, iliyoanza mwaka 1990 kwa kazi ya Denk, Strickler na Webb, inasaidia pale unapotaka kuchungulia ndani sana ya ubongo mnene unaotawanya mwanga. Kamba ya neva ya buu ni nyembamba na inapitisha mwanga. Hadubini ya kawaida ya floresensi inatosha.

VINAVYOHITAJIKA

Nzi. Unahitaji aina tatu: OK371-GAL4, inayowasha jeni kwenye neuroni zinazotumia glutamati kupitisha ujumbe (kwa nzi hawa ni pamoja na neuroni zinazoamrisha misuli), UAS-GCaMP6s, na UAS-GFP kwa ajili ya kulinganisha. GAL4 ni swichi inayochagua seli, na UAS ni sehemu inayowashwa na swichi hiyo, kwa hiyo lazima zikutane kwenye mtoto mmoja. Zote hupatikana Bloomington Drosophila Stock Center, kwenye Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani. Nzi hawa wamebadilishwa vinasaba, kwa hiyo shughulikia vibali kabla ya kuagiza. Kwa Kenya anzia NBA, mamlaka ya usalama wa viumbe. Chupa zikikwama uwanja wa ndege kwa sababu ya karatasi, utapokea nzi waliokufa. Kama kuna mtu karibu nawe aliyepitia mafunzo ya TReND in Africa, shirika la kukuza sayansi Afrika, ambayo yamefundisha kazi ya nzi Ishaka, Uganda, muulize kwanza kabla ya kuhangaika peke yako.

Hadubini. Iwe na taa ya LED ya nanomita 470, seti ya filta za GFP, na lenzi ya kuzamisha majini, 20x yenye NA 0.5 au zaidi. NA, yaani uwezo wa lenzi kukusanya mwanga, ni muhimu kuliko ukuzaji: lenzi ya 20x yenye NA kubwa hukusanya mwanga mwingi kuliko ya 40x yenye NA ndogo, na hapa mwanga ndio kila kitu. Kamera iwe ya rangi nyeusi na nyeupe. Kamera ya rangi inapoteza mwanga bure kwenye vichujio vyake.

Kama hamna hata hadubini ya floresensi, kuna FlyPi, hadubini ya ubunifu wa wazi uliochapishwa 2017, ambao sehemu zake huchapishwa kwa printa ya 3D na gharama yake ni takriban yuro 100. Kwa kujifunza kanuni za floresensi inafaa. Kwa data ya utafiti tafuta kitu kikubwa zaidi.

Vifaa vya kupasulia: vibano viwili nambari 5 vyenye ncha nzima, mkasi mdogo wa springi, pini nyembamba za wadudu, sahani za petri za milimita 35, Sylgard 184 (silikoni ya kumimina inayoganda kama mpira), vioo vyembamba vya kufunikia, na myeyusho wa poli-L-lisini wa asilimia 0.1. Bila kusahau hadubini ya kupasulia, ile ya macho mawili. Usidharau vibano. Ncha ikipinda kidogo tu, utararua neva badala ya kuzishika.

Kompyuta yenye nafasi. Video ya pikseli 512 kwa 512, biti 16, fremu 10 kwa sekunde, kwa dakika 5, ni takriban gigabaiti 1.6. Programu ya kuchambua picha ni Fiji, ya bure.

HATUA

1. Lea nzi kwenye nyuzi 25. Chakula ni unga wa mahindi, hamira, sukari na aga, pamoja na dawa ya kuzuia ukungu. Joto lichukulie kwa uzito. Kwenye maabara isiyo na kiyoyozi Mombasa au Dar es Salaam, joto hufika nyuzi 30 na zaidi, na hapo madume huwa tasa. Mwanafunzi anadhani amekosea kupandisha, kumbe ni hali ya hewa tu. Kama huna inkubeta, tafuta chumba chenye ubaridi wa kudumu, na uwe na betri ya akiba ya kulinda kiyoyozi umeme ukikatika.

2. Pandisha majike bikira wa OK371-GAL4 na madume wa UAS-GCaMP6s. Bikira ni jike aliyetoka kwenye pupa chini ya saa 8 zilizopita kwenye nyuzi 25. Utamtambua kwa rangi yake iliyopauka na doa jeusi linaloonekana ndani ya tumbo, upande wa chini. Ukiwa na shaka, mwache. Jike mmoja aliyekwisha kupandwa anatosha kukujazia chupa watoto wasio na GCaMP. Siku hiyo hiyo andaa chupa nyingine: OK371-GAL4 na UAS-GFP. Wengi hukumbuka kulinganisha baada ya kumaliza majaribio, na hapo wiki mbili zimepotea.

3. Tengeneza maji ya chumvi. Kwa lita moja pima:
sodiamu kloridi gramu 7.89
potasiamu kloridi gramu 0.37
magnesiamu kloridi (yenye maji 6) gramu 0.81
kalsiamu kloridi (yenye maji 2) gramu 0.29
TES (bafa ya kutuliza pH) gramu 1.15
sukari ya maabara (sukrosi) gramu 12.3

Rekebisha pH ifike 7.15, ndipo ujaze maji hadi lita moja. Soma lebo ya kila kopo uone kama chumvi ina maji ndani yake au ni kavu. Magnesiamu kloridi kavu ina uzito tofauti kabisa, na hesabu yako yote itakwenda kombo. Kwa sababu kuna sukari, bakteria huyapenda. Weka kwenye friji, na ukiona ukungu au utando, mwaga. Hakuna cha kuchuja na kuendelea.

4. Andaa sahani na vioo. Changanya Sylgard sehemu 10 na kigandishi sehemu 1, mimina unene wa milimita chache kwenye sahani za petri, acha mapovu yatoke, kisha weka kwenye oveni ya nyuzi 60 hadi igande. Hizi ni za kupasulia. Kwa kurekodia, dondoshea poli-L-lisini kwenye kioo chembamba, subiri dakika 10, osha kwa maji safi, acha kikauke. Mfumo wa neva utanasa hapo bila gundi.

5. Ijaribu hadubini kabla ya kumgusa buu. Washa LED, weka karatasi nyeupe chini ya lenzi, hakikisha bluu inafika katikati na haijaegemea upande mmoja. Kisha funga shata, zima taa za chumba, na chukua fremu chache za giza. Andika wastani wake. Ni namba utakayoihitaji baadaye. Kazi yote hii ni dakika tano, na inaokoa buu ambaye angekufa mezani wakati wewe unatafuta kebo ya kamera.

6. Chagua buu. Unataka wa hatua ya tatu ambaye bado anakula, kabla hajapanda ukutani mwa chupa kutafuta pa kugeuka pupa. Mtoe kwa brashi laini, mwoshe kwenye maji hadi chakula chote kitoke. Mabaki ya hamira hung'aa kijani yenyewe, na yatakudanganya.

7. Pasua. Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo nisipoharakisha. Mlaze buu kwenye sahani ya Sylgard yenye maji ya chumvi yaliyopozwa, mgongo juu. Mgongo utaujua kwa mirija miwili ya hewa, mieupe inayometa, inayokwenda sambamba kutoka mkiani hadi kichwani. Chomeka pini moja karibu na kulabu za mdomo na nyingine mkiani, ukimnyoosha kidogo. Toboa tundu dogo karibu na mkia, ingiza ncha ya mkasi, ukate kuelekea kichwani ukipita katikati ya ile mirija miwili. Ncha ya mkasi iinue juu muda wote, kwa sababu kitu unachokitafuta kiko chini yake. Fungua ngozi pande zote kwa pini nne.

Sasa ondoa utumbo, mafuta na tezi za mate, polepole, bila kuvuta kitu kinachokataa kuja. Mbele utaona vijiduara viwili vyeupe mithili ya lulu, ndio ubongo, na nyuma yake kamba fupi ya neva iliyotoa nyuzi nyingi kwenda pande zote. Kata nyuzi hizo mbali na kamba, ziache ndefu kadiri unavyoweza. Mwishoni kata kule mbele, ubongo ukibaki umeshikana na kamba.

Onyo: kuanzia hapa usiishike kamba yenyewe kwa kibano hata mara moja. Shika nyuzi. Kamba iliyobanwa itang'aa sana, utafurahi, na haitatoa wimbi hata moja.

8. Isuuze kamba kwenye tone la maji ya chumvi safi, kisha ihamishie kwenye kioo cha poli-L-lisini kilichofunikwa na maji hayo hayo. Kuisuuza ni muhimu kwa sababu damu na mafuta ya buu hufunika kioo, kamba isinase. Igeuze mgongo juu, ambako vijiduara vya ubongo vimeinuka, kwa sababu neuroni za misuli ziko upande huo. Ibonyeze kidogo kwa kuvuta nyuzi zake chini, iguse kioo. Ikinasa imenasa, usijaribu kuinyoosha tena.

9. Iache ipumzike dakika 10, gizani, kwenye maji mapya. Nyuzi joto 22 hadi 25 ni sawa.

10. Tafuta fokasi kwa mwanga wa kawaida wa chini, si kwa bluu. Ukishaipata kamba, ndipo uwashe LED kwa nguvu ndogo kabisa inayowezekana. Wanaoanza hupandisha taa hadi picha ipendeze machoni. Usifanye hivyo. Bluu kali huchujusha GCaMP, huitesa tishu, na huuchokoza ubongo kupitia viungo vya kuonea kama bado vimeshikana nao. Weka muda wa milisekunde 100 kwa fremu, unganisha pikseli 2 kwa 2 kama kamera inaruhusu, kisha pandisha taa kidogo kidogo hadi kamba itofautike wazi na mandharinyuma. Basi.

Angalia namba ya pikseli inayong'aa zaidi. Kwenye kamera ya biti 12 kikomo ni 4095. Ya biti 16 ni 65535. Ukikaribia kikomo wakati kamba imetulia, wimbi litakapopita pikseli zitajaa, na kilele cha grafu kitakatwa kama kwa kisu. Lenga chini ya nusu.

11. Rekodi. Zima taa zote za chumba, funika hadubini kwa kitambaa cheusi, geuza skrini ya kompyuta pembeni. Fremu 5 hadi 10 kwa sekunde zinatosha, kwa sababu kamba iliyotengwa hutoa mawimbi ya polepole sana kuliko buu mzima: buu mzima humaliza mzunguko mmoja wa kutambaa kwa takriban sekunde moja, lakini hapa mzunguko unaweza kuchukua sekunde 10 au zaidi. Rekodi dakika 5, zima bluu, pumzisha, rudia. Hifadhi TIFF ya biti 16. Usihifadhi kamwe kwa JPEG au video iliyobanwa. Namba zikishabanwa hazirudi.

Daftarini andika kwa kila faili: buu wa ngapi, nguvu ya taa, muda wa fremu, joto la chumba, na saa ulipomaliza kupasua. Jina la faili kama "jaribio_jipya2_final" halitakusaidia mwezi ujao.

12. Maliza kwa kuhakikisha kwamba tishu ilikuwa hai. Badilisha maji kwa yale yale ambayo sehemu ya sodiamu kloridi imebadilishwa na potasiamu kloridi, ifike milimola 80. Neuroni zote zitasisimka na mng'ao utapanda kwa pamoja. Usipopanda, rekodi ya siku hiyo iweke kando. Hili ni la mwisho kabisa, maana baada yake sampuli imekwisha.

13. Fanya hatua 6 hadi 11 kwa mabuu wenye GFP. GFP haijali kalsiamu, kwa hiyo chochote "kinachowaka" kwao ni mtikisiko au kosa la taa. Usiiruke hatua hii, hata kama msimamizi wako ana haraka.

14. Fungua video kwenye Fiji. Kama kamba imesogea, sahihisha kwanza kwa StackReg, kiongezi cha Fiji cha kulinganisha fremu. Tengeneza picha ya wastani kwa Z Project uone pingili vizuri, kisha chora duara juu ya kila pingili, kushoto na kulia, ukibonyeza T kila mara ili liingie kwenye ROI Manager, orodha ya maeneo ya kupima. Chora na duara moja pembeni, mahali pasipo na tishu. Kwenye Set Measurements acha Mean gray value peke yake, rudi ROI Manager, chagua Multi Measure. Utapata jedwali: mstari kwa kila fremu, safu kwa kila duara. Lipeleke kwenye lahajedwali au Python.

15. Hesabu ΔF/F. Kwanza toa mandharinyuma, halafu: (F − F0) / F0, ambapo F ni mng'ao wa fremu husika na F0 ni mng'ao wa utulivu.

Tazama kwa nini mandharinyuma hayarukwi. Tuseme pingili ikitulia inasoma 410, kileleni 710, na duara la pembeni linasoma 110. Ukiyatoa, F0 ni 300 na kilele ni 600, kwa hiyo ΔF/F ni 1.0, yaani ongezeko la asilimia 100. Usipoyatoa, unapata 300 kugawa kwa 410, ambayo ni 0.73. Neuroni ni ile ile, wimbi ni lile lile, ila kamera yako na uchafu wa maji vimekula robo ya jibu. Na kwa kuwa mandharinyuma hutofautiana siku hadi siku, utajikuta unalinganisha mabuu kumbe unalinganisha maji.

F0 usiichukue kwenye fremu za kwanza tu. Huenda wimbi lilikuwa linapita wakati huo huo. Tumia asilimia 10 ya chini ya thamani zote ndani ya dirisha linalosogea la sekunde 60. Dirisha hilo linafidia pia kuchujuka kwa GCaMP. Likiwa fupi kuliko wimbi lenyewe, litalila wimbi.

16. Panga mistari ya pingili juu na chini, ya mkiani chini, ya mbele juu. Mawimbi ya kwenda mbele huanza mkiani: kilele kinaonekana pingili ya A8 (ya nane ya tumbo), halafu A7, na kuendelea hadi mbele. Ya kurudi nyuma huanza mbele na kushuka. Mpangilio huu wa kilele kimoja baada ya kingine ndio ushahidi wako mkubwa, maana mtikisiko wa meza haupandi pingili kwa pingili.

Unapofika kwenye takwimu, n, yaani ukubwa wa sampuli, ni idadi ya mabuu. Si pingili, si mawimbi. Buu mmoja mwenye mawimbi mengi bado ni buu mmoja, na mhakiki wa jarida ataliona hilo kabla hajamaliza muhtasari.

IKIGOMA

Hakuna mng'ao kabisa. Angalia filta kabla ya kulaumu jeni: mara nyingi mtu wa zamu iliyopita ameacha seti ya nyekundu. Kisha mtazame buu mzima, hajapasuliwa, chini ya bluu. Kama GCaMP imo, kamba inaonekana kupitia ngozi. Haionekani? Rudi kwenye bikira wako wa hatua ya 2.

Inang'aa sana lakini haibadiliki. Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote. Kuza picha uzitazame seli moja moja. Kwenye seli yenye afya, GCaMP hukaa nje ya kiini, kwa hiyo unaona pete yenye katikati nyeusi. Kiini kikiwa kimejaa kijani, seli inaumwa au imekufa. Kama ni chache, endelea. Kama ni nyingi, pasua buu mwingine, na safari hii punguza kuvuta. Kama pete ni nzuri lakini bado kimya, shuku maji ya chumvi: pima pH upya, kisha tengeneza mapya kutoka makopo mengine.

Mawimbi yanakuja kisha yanakoma baada ya dakika chache. Punguza bluu kwa nusu. Kama bado, tazama kama maji yanakauka chini ya lenzi. Tone dogo likikauka chumvi hupanda haraka, hasa kiyoyozi kikipuliza juu yake.

Mstari unateremka taratibu mwanzo hadi mwisho. Ama GCaMP inachujuka, ama fokasi inasogea. Utazitofautisha hivi: gusa skrubu ya fokasi mwishoni. Mng'ao ukirudi, ilikuwa fokasi. Meza au chumba kinabadilika joto.

Mtetemo wa haraka unaofanana picha nzima. Taa ya chumba inavuja. Umeme wetu ni wa hezi 50, taa huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde, na kamera inayakamata hayo vibaya. Ziba. Simu yako mfukoni nayo ina taa.

Pingili zote zinapanda kwa wakati mmoja. Tazama duara la pembeni. Kama nalo limepanda, ni LED. Kama limetulia, huenda ni kweli: kamba iliyochokozwa vibaya wakati wa kupasua hutoa mishtuko ya pamoja inayofanana na degedege. Usiifute, iandike, na usiihesabu kama wimbi.

Ukingo mmoja wa pingili unapanda huku wa pili unashuka kwa kiasi kile kile. Hiyo imesogea. Rudia StackReg, na kama haitoshi, iache video hiyo.

Pingili za mbele zinawaka upande mmoja tu. Hakuna kosa hapo. Kamba iliyotengwa hutoa pia amri za kugeuza kichwa, na kugeuka huwa kwa upande mmoja.

Na kama nzi bado wako njiani na unataka kujizoeza uchambuzi, pakua data ya Allen Brain Observatory, ya gamba la kuonea la panya, iliyoanza kutolewa bure mwaka 2016. Ina ΔF/F iliyokwisha kukokotolewa, kwa hiyo unaweza kuikokotoa mwenyewe na kulinganisha. Pakua usiku, faili ni nzito.